Mshairi aliyehesabu mizani 29,791

Jacques Roubaud alifariki Paris tarehe 5 Desemba 2024, siku aliyotimiza miaka 92. Alikuwa mwanahisabati na profesa wa chuo kikuu, na alikuwa mshairi, wala hakupenda kimoja kitajwe bila kingine. Alijiita mtunzi wa hisabati na ushairi, kwa maana aliona kwamba mkono unaoandika ithibati na mkono unaoandika ubeti ni mkono mmoja.

Naandika habari zake kwa Kiswahili kwa sababu nina dai, nalo nalitoa mapema. Sisi tuliolelewa na mizani na vina, tuliofundishwa ukwapi na utao tukiwa bado tunavaa sare za shule, tuko karibu na mtu huyu kuliko wengi wa wasomaji wake wa Ulaya. Wao walimwona mtu wa ajabu aliyeingiza namba kwenye shairi. Kwetu namba zimo ndani ya shairi tangu hapo.

Mimi nafundisha hesabu kidato cha tano na cha sita hapa Tanga, na jioni natunga. Kifaransa nimekipata kwa mume wangu, aliyekulia Bujumbura na kusomea huko. Vitabu vya Roubaud tumevisoma pamoja mezani baada ya chakula cha usiku, yeye akinisomea kwa sauti, mimi nikihesabu kwa vidole. Ndivyo nilivyomjua, kwa sikio na vidole kwanza, maana baadaye.

Alizaliwa mwaka 1932 karibu na Lyon, akakulia Carcassonne, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa walimu, na wakati wa Vita Kuu ya Pili walikuwa upande wa waliopinga utawala wa Wajerumani. Kijitabu chake cha kwanza cha mashairi kilichapishwa mwaka 1944, akiwa na miaka 12. Cha pili kikafuata mwaka 1952. Mtu angedhani njia imeshanyooka: huyu ni mshairi, basi. Lakini akageuka akaenda kusoma hesabu. Ulikuwa wakati ambao kundi la wanahisabati wa Kifaransa waliojificha nyuma ya jina la kubuni, Nicolas Bourbaki, walikuwa wakijenga hisabati upya kuanzia kwenye seti, tofali juu ya tofali. Roubaud alivutwa na ujenzi huo. Mwaka 1967 alipata udaktari wa hesabu, akafundisha Rennes, kisha kwa miaka mingi Nanterre, nje kidogo ya Paris. Mwaka 1970 yeye na Jean Bénabou walichapisha waraka mfupi wa kurasa chache ambao hadi leo wanaoshughulika na nadharia ya kategoria, tawi moja la hisabati, wanautaja kwa majina yao wawili. Nasema hivi ili ieleweke kwamba hesabu kwake haikuwa pambo la kumvutia msomaji. Ilikuwa kazi iliyomlisha.

Mwaka huohuo wa udaktari, 1967, kikatoka kitabu kilichomtambulisha. Jina lake ni alama moja tu: ∈. Wanafunzi wangu wanaijua. Ndiyo tunayoandika kusema kitu fulani ni memba wa seti fulani. Hebu fikiria jalada la diwani ya mashairi, na badala ya maneno iko alama hiyo pekee.

Ndani yake mna matini 361. Kwa nini 361? Kwa sababu ubao wa mchezo wa Go, ule wa Wachina na Wajapani, una mistari 19 kwa 19, na mahali pa kuweka kete ni 361. Kila matini ni kete: 180 nyeupe na 181 nyeusi, na pembeni pana kiduara cheupe au cheusi kuonyesha ni ya upande gani. Nyingi ni soneti, yaani mashairi ya mistari 14, au vipande vya soneti, baadhi zimeandikwa kama mashairi, baadhi zimemwagwa kama nathari. Mwandishi anaeleza mwanzoni kwamba kitabu kinasomeka kwa njia nne. Unaweza kukisoma kwa makundi yaliyopewa alama za kihisabati kama vichwa. Unaweza kufuata mchoro wa mchezo, hatua 157 za Go iliyochezwa kweli, kete nyeusi ikiitwa, nyeupe ikijibu. Unaweza kufuata mpangilio mwingine aliouweka, au ukachukua shairi moja moja na kusahau mengine yote.

Nilipokisoma kwa kufuata mchezo, shairi nililolipita jana bila kulitazama lilisimama mbele yangu likiwa na jirani mpya, na jirani huyo akalibadilisha. Soneti juu ya usiku iliyosomwa baada ya soneti juu ya mto haisemi kitu kilekile ikisomwa baada ya tamko la hasira. Hilo kila mtunzi wa diwani analijua kimyakimya anapopanga mashairi yake, akijiuliza lipi litangulie. Roubaud alilitoa nje, akalichora, akampa msomaji ramani mkononi.

Muswada wa kitabu hicho ulipita mikononi mwa Raymond Queneau, aliyekuwa mhariri katika nyumba ya Gallimard. Queneau na François Le Lionnais walikuwa wameanzisha mwaka 1960 kikundi kiitwacho Oulipo, cha waandishi na wanahisabati waliokutana kubuni masharti mapya ya kutungia. Queneau mwenyewe alikuwa ametoa mwaka 1961 kitabu cha soneti 10 zilizokatwa mstari mstari, kila mstari ukining'inia peke yake kama utepe, kiasi kwamba mstari wa kwanza wa soneti yoyote unakubaliana na wa pili wa soneti yoyote, mpaka wa 14. Chaguo 10 kwa kila mstari, mistari 14: soneti zinazowezekana ni bilioni laki moja. Queneau alipiga hesabu kwamba mtu akisoma mchana na usiku bila kupumzika atahitaji zaidi ya miaka milioni 190 kuzimaliza. Alipouona muswada wa Roubaud alimwita, na mwaka 1966 Roubaud akawa mtu wa kwanza kuingizwa Oulipo baada ya waanzilishi. Hakutoka tena. Kwa kanuni yao, hata kifo hakimwondoi mtu. Katika kumbukumbu za mikutano huandikwa tu kwamba ameomba udhuru kwa sababu ya kufariki.

Sasa nifike kwenye kitabu nilichokitaja kwenye kichwa cha habari.

*Trente et un au cube*, yaani 31 kwa kipeo cha tatu, kilichapishwa mwaka 1973. Kina mashairi 31. Kila shairi lina mistari 31. Kila mstari una mizani 31. Namba hiyo ameitoa Japani, kwenye tanka, shairi fupi la kale lenye vipande vya mizani 5, 7, 5, 7 na 7, jumla 31. Roubaud alichukua tanka nzima akaifanya mstari mmoja. Mstari unakuwa mrefu mno, unadai ukurasa mpana, na ndani yake ameacha nafasi tupu kuonyesha vipande vinapoachana. Ukiutazama kwa mbali unaona kitambaa kilichofumwa kwa weusi na weupe. Ukiusoma unasikia pumzi.

Tupige hesabu kwa kipimo chetu. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane ukwapi na nane utao. Ubeti ni mizani 64. Beti 15 ni mizani 960. Shairi moja la Roubaud katika kitabu hiki ni mizani 961. Kwa hiyo kila shairi lake ni sawa na shairi letu refu la beti 15, kisha likaongezwa silabi moja. Kitabu kizima ni mizani 29,791, sawa na beti zipatazo 465 za tarbia. Wapo malenga wetu waliotunga tenzi ndefu kuliko hizo na hakuna aliyewaita watu wa majaribio.

Nilijaribu mshororo mmoja wa aina hiyo kwa Kiswahili ili nisikie sauti yake:

Maji yapwile / ngalawa zimelala / juu ya tope / mwana yu ukingoni / amngoja babaye

Hesabu: 5, 7, 5, 7, 7. Sikio la mtu aliyezoea nane kwa nane linashtuka. Nane hugawanyika mara mbili, na mara mbili tena. Hutulia kama kigoda kwenye miguu yake. Tano na saba hazigawanyiki. Ni namba tasa, na 31 yenyewe ni tasa. Sauti inabaki imeinama mbele, inatafuta pa kuegemea, na hiyo ndiyo ladha aliyoitaka. Ashiki katika mashairi hayo haitui kamwe, na silabi zenyewe zinakataa kutua.

Mwaka huohuo wa 1973 Abdilatif Abdalla alichapisha *Sauti ya Dhiki*, mashairi aliyoyatunga gerezani, mengi yakiwa ya arudhi iliyokazwa kama ngoma. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mnakumbuka kilichofuata. Wanamapokeo na wanamabadiliko waliandikiana kwa ukali kwa miaka. Kwa wanamapokeo, kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 kilikwisha kuweka sheria, na tungo isiyozifuata ni guni. Kwa wanamabadiliko, vina na mizani vilikuwa minyororo iliyorithiwa.

Nimesoma mabishano hayo kwa upendo, maana pande zote zilikuwa na watu wakubwa. Lakini kila nikiyasoma naona jambo moja ambalo pande zote mbili zilikubaliana bila kulisema: kwamba hesabu katika ushairi ina sura moja tu, ile tuliyoikuta. Ama unaishika, ama unaiacha. Hakuna aliyesema: tutunge hesabu mpya.

Roubaud alikuwa katika vita hiyohiyo kwao. Mshororo mkuu wa Kifaransa ni aleksandrini, mizani 12, sita kwa sita, na katikati pana mkato kama wa ukwapi na utao. Ulitawala karne nyingi, kisha ukatikiswa na mshairi Rimbaud na waliomfuata, kisha likaja shairi huru. Mwaka 1978 Roubaud aliandika kitabu kizima juu ya uzee wa aleksandrini. Hoja yake kubwa ni kwamba shairi huru la Wafaransa halikuondoka kabisa kivulini mwa huyo mzee: lilijieleza kwa kile lilichokikataa, na kila mstari uliokatwa ulikatwa kwa kumkwepa yeye. Kurudi nyuma hakukumpendeza, kujidai hakuna historia hakukumpendeza pia. Alienda Japani kuchukua 31. Alienda kwa watrubaduri, watunzi na waimbaji wa karne ya 12, kuchukua sestina. Alichukua Go. Akarudi nyumbani na vipimo vipya ambavyo babu zake hawakuvijua, akavitii kwa ukali uleule ambao babu zake walivitii vyao.

Hiyo ndiyo njia ya tatu niliyoitafuta, na ninaamini mlango wake kwetu uko wazi.

Nieleze sestina, maana hapo ndipo hesabu na ushairi vinapokuwa kitu kimoja hata ukiangalia kwa jicho la kawaida. Mwishoni mwa karne ya 12 trubaduri Arnaut Daniel alitunga wimbo wa beti sita za mistari sita. Haukuwa na vina ndani ya ubeti. Ulikuwa na maneno sita ya mwisho wa mistari, na maneno hayo sita yanarudi katika kila ubeti, lakini kwa mpangilio mwingine. Maneno yenyewe ni ya kushangaza: kuingia, kucha, roho, fimbo, mjomba, chumba. Mpangilio unapatikana hivi: neno la mwisho wa ubeti linakuja kwanza katika ubeti unaofuata, kisha la kwanza, kisha la pili kutoka mwisho, kisha la pili kutoka mwanzo, kisha mawili ya katikati kwa utaratibu uleule. Kwa hiyo 1 2 3 4 5 6 inakuwa 6 1 5 2 4 3. Rudia, inakuwa 3 6 4 1 2 5. Endelea, na baada ya hatua sita kila neno limerudi nyumbani, na kila neno limekaa kila nafasi mara moja.

Watunzi wa pindu wataona mara moja undugu. Katika pindu, neno au kipande kinachofunga ubeti hufungua ubeti ujao. Arnaut alifanya pindu, ila aliyapinda maneno yote sita kwa pamoja.

Darasani nilifanya hivi. Niliwasimamisha wanafunzi sita mbele, kila mmoja kashika karatasi yenye neno alilolichagua mwenyewe: bahari, mama, njia, chumvi, mlango, kesho. Nikawaita: wa mwisho aje mbele, wa kwanza amfuate, na kuendelea. Walipofika hatua ya sita na kujikuta wamesimama kama walivyoanza, darasa lilipiga makofi. Kisha nikawauliza swali alilouliza Queneau, na ambalo Roubaud alilibeba baada yake: je, ingewezekana kwa maneno mangapi mengine?

Jaribuni wanne, nikasema. Wakajipanga 1 2 3 4, wakawa 4 1 3 2, kisha 2 4 3 1, kisha ghafla wamerudi 1 2 3 4. Hatua tatu tu. Na aliyeshika neno la tatu hakuwahi kuondoka mahali pake hata mara moja! Kwa watano inakubali: hatua tano, kila mmoja amezunguka kila mahali. Kwa watatu inakubali. Saba inakataa, nane inakataa, tisa inakubali, kumi inakataa, kumi na moja inakubali.

Ubaoni nikawaonyesha sehemu ya sababu. Chukua idadi ya maneno, zidisha kwa mbili, ongeza moja. Jibu lisipokuwa namba tasa, mzunguko unavunjika: nne inatoa 9, saba inatoa 15, kumi inatoa 21. Lakini kuwa tasa peke yake hakutoshi. Nane inatoa 17, ambayo ni tasa, na bado wanafunzi wanane wanarudi mwanzo baada ya hatua nne. Kwa nini? Hapo unahitaji kuangalia vipeo vya mbili, na hapo ndipo kipindi kilipoishia, na wawili walinifuata hadi ofisini wakitaka jibu. Namba zinazokubali leo zinaitwa namba za Queneau, na wanahisabati wameandika makala makini juu yake. Zimetokana na wimbo wa mapenzi.

Angalieni sasa bahari zetu. Tathlitha, mishororo mitatu: inakubali. Takhmisa, mitano: inakubali. Tasdisa, sita: inakubali. Tarbia, mama yao wote, ndiyo inayokataa. Sijaona mahali popote jambo hili limeandikwa kwa Kiswahili, na nalitoa kwa yeyote anayetunga: ukitaka kuyazungusha maneno yako ya mwisho kwa kanuni hii, usianze na tarbia, anza na takhmisa.

Roubaud alikuwa na kanuni nyingine mbili ambazo nazipenda. Ya kwanza: tungo iliyotungwa kwa sharti fulani iliseme sharti hilo. Ya pili: ikiwa sharti lina hisabati ndani yake, tungo ibebe pia matokeo ya hisabati hiyo. Yaani usijifiche. Usimfanyie msomaji kiinimacho. Mfungulie, aone mbao na misumari.

Mengine nitayapita haraka, si kwa kuwa ni madogo. Mwaka 1969 alikaa katika chumba cha chini ya ardhi cha hoteli moja ya Paris pamoja na Octavio Paz wa Mexico, Edoardo Sanguineti wa Italia na Charles Tomlinson wa Uingereza, wakatunga pamoja kwa zamu, kila mtu kwa lugha yake, kwa kufuata desturi ya Kijapani ya kuunganisha mashairi. Kitabu kilitoka 1971. Mwaka 1977 alitoa kitabu ambacho mistari yake aliitoa kwa washairi wa miaka 18 iliyotangulia kuzaliwa kwake, akaiita sura ya kumi ya tawasifu yake. Wazungu walijadili kama hiyo ni haki. Kwetu Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alichukua mishororo ya Liyongo akaitangulizia mitatu yake na kupata takhmisa, na hakuna aliyeona kuwa ameiba. Amemkaribisha marehemu, amemjengea baraza, amekaa naye. Roubaud alitunga pia mashairi ya wanyama kwa ajili ya watoto, ambayo binti yetu anayapenda kuliko mimi. Mwaka 1990 alipata udaktari wa pili, wa fasihi, juu ya soneti ya Kifaransa, na tuzo ya taifa ya ushairi. Mwaka 2021 akapewa tuzo ya Goncourt ya ushairi.

Nataka nikae kidogo kwenye kifo cha mkewe.

Mwaka 1980 alioa mpiga picha, Alix Cléo, mwana wa Wakanada aliyezaliwa Mexico, aliyekuwa na pumu tangu utotoni. Alipiga picha nyingi za mwili wake mwenyewe ndani ya vyumba vyenye mwanga hafifu, akizichapa mara mbili mbili juu ya karatasi moja hadi mtu mmoja anaonekana yupo na hayupo. Alifariki alfajiri moja ya Januari 1983. Alikuwa na miaka 31.

Namba hiyo inaniumiza kila nikiikuta. Kitabu cha 31 kilikuwa kimeandikwa miaka kumi kabla.

Roubaud alinyamaza. Kwa karibu miezi 30 hakuweza kutunga shairi. Mwaka 1986 kikatoka *Quelque chose noir*, jina lililotokana na mfululizo wa picha za Alix. Kina sehemu 9, kila sehemu mashairi 9, na kwa kawaida kila shairi limevunjwa katika mafungu 9. Mwishoni kuna shairi moja liko nje ya hesabu, linaitwa *Rien*: hakuna kitu. Hakuna vina. Mistari mingine imebaki katikati ya ukurasa, nukta imewekwa pasipotarajiwa, weupe umeachwa pale ambapo sauti ilikatika. Chumba ni kilekile, asubuhi ni ileile, picha ukutani ni ileile, naye anazungumza na mtu anayejua kwamba hayupo. Anarudi hapohapo tena na tena, na kinachomwongoza kutoka siku hadi siku ni ile tisa.

Nimesikia watu wakisema kwamba mtu mwenye uchungu wa kweli hana nafasi ya kuhesabu. Hawajakaa matanga ya Pwani. Sisi huomboleza kwa hesabu. Kuna siku tatu, kuna hitima, kuna arobaini. Shangazi yangu alipofiwa alikaa eda, miezi minne na siku kumi, na kila jioni alichora mstari kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani. Hesabu haikumpunguzia uchungu. Ilimpa mahali pa kuweka mkono kesho yake. Nilipofika kwenye kitabu hiki cha tisa kwa tisa, sikuhitaji mhakiki anieleze kwa nini mjane huyu wa kiume aliorodhesha maombolezo yake kwa namba. Nilikuwa nimeshaiona ile kalenda.

Kwa wasomaji wa Bujumbura, Bukavu, Goma na Lubumbashi mnaosoma Kifaransa: anzeni na hicho. Kitabu cha ∈ kinahitaji subira na penseli. Hiki kinahitaji usiku mmoja. Baada yake ingieni katika nathari yake ndefu iliyoanza kutoka 1989, anamojieleza kuwa mtu wa kutembea, kuogelea, kusoma na kuhesabu. Anasimulia humo mpango mkubwa wa maisha ulioanza katika ndoto ya mwaka 1961, baada ya kujiua kwa mdogo wake, mpango wa ushairi, hisabati na riwaya kwa pamoja, ambao hakuukamilisha. Alikiandika kitabu juu ya kitabu kisichokuwepo. Kinapanda kama mti wenye matawi, na msomaji anaruhusiwa kuruka kutoka tawi hadi tawi.

Kazi yangu mimi sasa ni hii. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo nane, na kete zake ni 64. Ubeti wa utenzi una mizani 32. Ubeti wa tarbia una mizani 64. Sidai kwamba wazee walipanga hivyo. Nane ikizidishwa itatoa hizo popote. Lakini namba zipo, zinalingana, na hakuna sababu ya Mfaransa kuwa na diwani ya Go halafu sisi tukose diwani ya bao. Nimeanza kutunga: kila shimo lina ubeti wake, na mpangilio wa kusoma unafuata mchezo uliochezwa kweli na wazee wawili wa mtaani kwetu, ambao waliniruhusu nikae pembeni na daftari nikiandika kila kete ilipotoka na ilipolala.

Tatizo ninalopambana nalo Roubaud hakuwa nalo. Kete ya Go ikishawekwa haihami. Ama inabaki, ama inaondolewa. Kete ya bao haina makao. Ikitekwa inarudi mchezoni upande wa pili na kuanza kumtumikia aliyeiteka. Kwa hiyo ubeti wangu hauwezi kukaa ukurasa mmoja na maana moja. Lazima kila mshororo uweze kubebwa na kupandwa shimo lingine, mizani ikiwa ileile, kina kikikubali jirani yeyote kinayemkuta. Namua, hatua ya kwanza ya mchezo, imekaa vizuri, kwa sababu kete zinaingia moja moja. Mtaji, hatua inayofuata, unanitoa jasho. Nimebadilisha vina mara nyingi na sasa nimefika kwenye kina cha -ni, kwa kuwa kinakubali mahali, kinakubali swali, na kinakubali amri kwa watu wengi. Mwenye wazo bora zaidi, aniandikie.